Mstari wa Mkaa kwenye Ndoo

Simu ya kwanza ilihusu maji. Ilinikuta Masasi, katika chumba cha walimu, rundo la madaftari mbele yangu na chai inapoa. Aliyepiga ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeishi na mama yangu kule Kitangari, juu uwandani. Wajane wawili, nyumba moja, pipa moja la maji. Miaka yote wameishi kwa kutaniana na kununiana kwa zamu, na kila anayenuna ananipigia mimi, kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia, na msomi kwa mawazo yao hana kazi nyingine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwalimu, mama yako anamaliza maji."

"Anayamaliza vipi?"

"Anakunywa. Anakunywa, anatoka kukojoa, anarudi anakunywa tena. Usiku hivyo hivyo. Dumu la jana limekwisha na mimi sijatia hata udhu."

Wewe usiye mtu wa uwandani huenda ukacheka. Sisi hatucheki. Pampu ilikuwa imeharibika wiki ya tatu, bomba la mtaani limekauka, na maji yaliletwa kwa bodaboda, madumu yamefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, au yanafuatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Katika hali hiyo mtu anayekunywa sana anaonekana mlafi kabisa, sawa na anayemega nyama mbili mbili kwenye sinia la wageni.

Na mama ana sukari. Ndiyo, najua unachotaka kusema. Subiri kwanza, mimi mwenyewe nimejisema vya kutosha. Ana sukari, anajichoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, na kwa kuwa friji hakuna, dawa yake ilikaa kwenye mtungi wa udongo uliotiwa maji, pale kwenye kona ya chumba, kama alivyoelekezwa kwenye zahanati. Yote hayo niliyajua. Lakini shangazi hakunipigia kunieleza ugonjwa. Alinipigia kushtaki, na mimi nikavaa ujaji.

"Sikilizeni," nilisema, nimechoka nao hata kabla ya saa nne. "Kuanzia leo kila mtu ndoo yake. Zile nyeupe. Chukueni mkaa mpige mstari katikati, kwa nje. Maji ya juu ya mstari ni ya mchana, ya chini ni ya usiku. Asiguse mtu ya mwenzake."

Shangazi alifurahi mno. Akampa mama simu.

"Sawa, mwanangu," mama alisema. "Kama umesema wewe."

Nikakata simu, nikamaliza chai yangu. Nilijiona Nabii Suleiman.

Sasa cha kuudhi ni hiki. Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha kidato cha tatu namna mwili unavyoizuia damu isichachuke. Mada hiyo naifundisha kila mwaka na kila mwaka inanipandisha presha. Imeandikwa kwa Kiingereza, watoto wanaikariri kama kasuku, ukiwauliza maana wanakutolea macho. Basi huwa nafunga mlango nawaambia kwa Kiswahili. Jamani, damu si togwa. Togwa ikichachuka unainywa na kulamba midomo. Damu ikichachuka kidogo tu, moyo na ubongo vinaanza kugoma. Na mwili unatengeneza asidi kila siku, ukila, ukilima, hata ukilala. Sasa inaondoka vipi? Kwanza ndani ya damu yenyewe mna chumvi zinazoikamata asidi papo hapo, lakini hiyo ni akiba, na akiba huisha. Halafu kuna mapafu. Asidi ikishakamatwa inageuka maji na ile hewa tunayoitoa puani, kwa hiyo asidi ikizidi, mtu anapumua kwa nguvu na kwa haraka aitoe, wala haambiwi na mtu. Mwisho kuna figo, zinaitoa kwenye mkojo, polepole, siku nzima au siku mbili, na figo bila maji hazina la kufanya.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Uongo mtupu. Aliyeelewa darasani mle nilikuwa mimi peke yangu, na nilielewa vizuri sana.

Simu ya pili ilikuja siku nne baadaye. Shangazi alikuwa ananong'ona.

"Mwalimu, umekaa?"

"Nimesimama. Sema."

"Kaa. Mama yako anakunywa uraka."

Nilikaa. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yametapakaa chini ya kila mkorosho, watu wanayakamua, juisi inaachwa ichachuke, inakuwa uraka, na jioni utasikia nyimbo vichochoroni. Lakini mama yangu! Mama yangu akikaribia kilabu cha pombe hubadilisha upande wa barabara, na akishapita anatema mate.

"Nani kakwambia?"

"Pua yangu. Mdomo wake unanuka mabibo, tena yale yaliyoanguka yakalala chini siku tatu. Anasinzia mchana. Anaanza neno halimalizi. Jana kaenda chooni anayumba, nimemshika mkono. Mke wa kaka yangu! Uzeeni huku! Watu watasema nini?"

Ningeweza kuuliza swali moja tu la maana. Sikuuliza. Nilipandwa na hasira, nikaona hawa wazee wanataka kunitoa roho, hili la maji halijapoa wameleta la pombe. Nikasema nipewe mama.

"Shikamoo, mama. Mambo gani haya ninayoyasikia?"

"Yapi, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa nzito.

"Ya uraka."

Nilisikia pumzi yake kwenye simu.

"Mimi?" akasema. "Mimi, uraka?"

"Mama, mimi nauliza tu."

"Haya. Kama mmeshaamua." Akarudisha simu kwa wifi yake.

Niseme ukweli, nilinuna. Nilijiambia kwamba mtu asiye na kosa angejitetea. Nikamwambia shangazi amwangalie asitoke peke yake, nikarudi kwenye mambo yangu, na nilipomsimulia mwalimu mwenzangu tulicheka wote wawili. Tulicheka, Mungu anisamehe.

Simu ya tatu ilikuja kesho yake asubuhi. Safari hii shangazi hakunong'ona.

"Mwalimu, mama yako kifua kimembana. Anapumua kama mtu aliyepanda na ndoo kutoka bondeni, na amekaa tu kitandani."

"Ana homa?"

"Hana. Ni kupumua tu. Nimeshachemsha majani, namfukiza."

Kufukiza kwetu ndiyo dawa ya kila kifua. Chungu kinachemka na majani ya mkaratusi na mchaichai, mgonjwa anakiinamia, anafunikwa blanketi gubigubi, anavuta ule mvuke mpaka jasho limtiririke. Mimi mwenyewe nimefukizwa utotoni mpaka nikalia.

"Haya, mfukizeni," nilisema. "Mimi nasahihisha mitihani, nina mikondo miwili hapa."

Na kweli nilikuwa nasahihisha. Swali la mwisho nilikuwa nimelitunga mwenyewe, na nilijivunia, maana nilitaka wafikiri, wasikariri. Linasema hivi: mtu anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, amechoka, anasinzia, anapumua kwa nguvu na haraka ingawa hajafanya kazi, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Eleza nini kinatokea katika damu yake na kwa nini anapumua hivyo.

Majibu yalinikata maini. Mmoja kasema ana malaria. Mwingine kasema ni mjamzito, ingawa mtu wangu sikumpa hata jinsia. Wa tatu kanakili swali lote kwa mwandiko mzuri na kuweka nukta. Nikavuta karatasi nyingine, ya mwanafunzi wa nyuma kabisa, ambaye hata jina lake hulikosea. Ameandika kwa Kiingereza cha kuokoteza, maana yake ni hii: mtu huyu amelewa, apelekwe nyumbani akalale.

Nilikasirika! Nikachora mkasi mwekundu wa kosa karatasi nzima. Pembeni nikaandika: Umesoma swali? Amelewa kutoka wapi? Soma dalili!

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Nikayasoma tena niliyoandika. Kisha nikalisoma swali langu, kuanzia maji.

Nikapiga simu Kitangari. Iliita, haikupokelewa. Ikaita tena, haikupokelewa. Jamani hawa wazee na simu zao! Wanaweka chini ya mto, wanaweka kwenye kikapu cha muhogo, wanaweka popote pasiposikika. Mara ya nne shangazi akapokea.

"Mfunue mama!"

"Mwalimu? Bado hajatoka jasho."

"Mfunue nimesema! Sasa hivi!"

Walimu wote waligeuka. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumfokea shangazi, hata baba mwenyewe hakuthubutu. Nilisikia blanketi likivutwa, halafu nikaisikia pumzi ya mama, ndefu, nzito, ya haraka, inatoka na kuingia bila kupumzika. Mwili wake ulikuwa unahangaika kuisukuma nje ile hewa, na sisi tulimfunika blanketi aivute tena. Kwa ruhusa yangu.

"Mpe maji," nilisema.

"Ya mchana amemaliza. Ndoo yake imefika mstari."

"Mpe yako, shangazi! Mpe yako!"

"Nampa," akasema kwa sauti ya chini. "Nampa, mwanangu, usilie."

Sikujua kama nalia.

Nilimwambia ampeleke hospitali Newala, asisubiri hata dakika moja. Akasema sawa. Baada ya nusu saa nikapiga kuuliza wamefika wapi. Wamefika wapi! Walikuwa bado uani. Shangazi alikuwa anamwogesha.

"Shangazi, unamwogesha?"

"Sasa aende kwa madaktari ananuka jasho na mkaratusi? Watasema hana ndugu."

"Maji ya kuogea mmepata wapi?"

"Ndoo yangu."

Ndoo yake yote, ya mchana na ya usiku, aliimwaga mgongoni mwa wifi yake yuleyule aliyeshtakiwa kwangu kwa kumaliza maji. Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumshika miguu, yote mara moja. Nikasema tu, "Haya, fanya haraka." Jirani mmoja mwenye pikipiki akawachukua mshikaki, mama katikati, shangazi nyuma, kiunoni wamefungwa kanga moja ili mgonjwa asianguke.

Na mimi nikachukua bodaboda kutoka Masasi. Sikuweza kukaa stendi kusubiri gari lijae, konda ananiambia bado wawili. Njia nzima vumbi kwenye meno, nikawa namrudia kichwani yule mtu wa swali langu. Insulini ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu, haiingii inakotakiwa. Mwili una njaa kwenye shibe, unaanza kuchoma mafuta yake ovyoovyo, na moshi wa moto huo ni asidi. Ndiyo inayonuka mabibo. Sukari inayozidi inatoka na mkojo, inavuta maji nayo, ndiyo kiu. Mistari yote hiyo naijua, nimeiandika ubaoni mpaka chaki imeniharibu vidole. Mganga hajigangi, wanasema wahenga. Mimi hata mama yangu nilishindwa kumganga. Lakini mbona anajichoma sindano kila siku? Hilo halikuniingia akilini mpaka nafika.

Nilimkuta ana dripu mikono yote miwili. Midomo imekauka na kupasuka. Macho yamefumba. Alikuwa bado anapumua vilevile, nikamshika bega nikamwambia, "Mama, pumua taratibu, nimekuja." Daktari, binti mdogo mwenye lafudhi ya kanda ya ziwa, akanigusa mkono.

"Mwache apumue hivyohivyo," alisema. "Pumzi hiyo ndiyo imemfikisha hapa. Ikipungua yenyewe tutajua damu inatulia. Ikipungua kwa kuchoka, hapo ndipo tuogope."

Basi nilikaa pembeni ya kitanda kuzihesabu pumzi za mama yangu, bila kujua niombe zipungue au zisipungue. Nimefundisha mada hii miaka na miaka, na sikuwahi kuiogopa.

Daktari aliuliza dawa yake tuliihifadhi wapi.

"Kwenye mtungi," nikajibu harakaharaka.

Shangazi akakohoa. "Ilikuwa kwenye mtungi," akasema. "Maji yalipokata tukayanywa ya mtungini. Dawa nikaipandisha juu ya kabati."

Kabati lile linakaribia bati. Mwezi wa jua kali kama ule, ukiweka mshumaa pale unakunja shingo. Wiki tatu mama alikuwa anajichoma kwa uaminifu, asubuhi na jioni, dawa iliyokwisha nguvu.

"Shangazi! Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza?" Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anauliza kweli. "Pampu imekufa, maji ya kugombania. Sasa maji yakae mtungini bila kunywewa na mtu, watu wana kiu? Hata yeye alisema ni haki tuyanywe. Alisema mwenyewe, chupa haina kiu."

Nilimweleza ile harufu ya mabibo ilikuwa nini. Nilimweleza kule kuyumba na kule kusinzia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajifunika uso kwa kanga.

"Yarabi," akasema humo ndani ya kanga. "Nimemsingizia wifi yangu pombe."

Usiku ule mama hakutambua mtu. Mchana wa kesho yake pumzi zilianza kushuka. Nilimwita daktari mbio, akapima damu, akarudi anatabasamu, akasema hii ni ile tuliyokuwa tunaingoja. Jioni mama akafumbua macho, akamwona shangazi amelala sakafuni kwenye mkeka.

"Huyu naye anaumwa nini?" akauliza.

Shangazi aliruka juu. "Amka, mlevi wewe! Umenitia aibu mji mzima!"

Mama aliangalia dripu. "Leo ndiyo nimelewa kweli," alisema. "Hii ya nne." Wodi nzima ilicheka, na shangazi alicheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka. Alimwomba radhi mbele ya watu. Mama akasema, "Nyamaza, wifi, hata mimi ningekunusa ningesema hivyohivyo." Wakayamaliza hapo hapo. Mimi hawakuniita kwenye usuluhishi huo.

Siku ya tano, ameshaanza kula uji, aliniomba nimweleze kilichompata. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, togwa na yote. Nikamwambia ile pumzi ilikuwa mwili wake unatupa asidi kwa njia ya mapafu. Nikamwambia na ile kiu ilikuwa kazi, mwili unadai maji uliyopoteza, na figo zinayahitaji ziweze kutoa uchafu ule. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisikiliza vile. Hakukatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakunywa," alisema, "sikuwa mlafi."

"Hapana, mama. Ulikuwa unajiokoa."

Alifikiri. "Na haya wewe uliyajua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Alikuwa ananiangalia usoni.

"Tangu nikiwa kidato cha tatu, mama."

"Mm," akasema. Sikuona hasira usoni pake. Nilitamani angekasirika, angalau anitukane kidogo, anisute, tuwe sawa.

Nikainuka kumfungulia chupa ya maji, kubwa, niliyomnunulia nje ya geti. Akaipokea kwa mikono miwili na kunywa. Alikunywa kwa kiu, koo linapanda na kushuka, na mimi nikafurahi kumwona. Mara akaacha kunywa. Akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua, akaweka ukucha wa kidole gumba katikati, pale maji yalipofikia.

"Bado ni mchana," alisema. "Ndiyo nimefika mstari?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.